Kinga Imeshuka, Lakini Wapi?

Masika ikishika Kwale, hakuna kisichoota ukungu. Viatu vya ngozi vilivyosahauliwa chini ya kitanda hutoka na manyoya ya kijani, kanga zilizokunjwa sandukuni hunuka uvundo, na ukuta wa bafu huko Ukunda huingia madoadoa meusi yasiyokubali kufichwa kwa rangi. Dawa ya wengi wetu ni moja: Jik ndani ya ndoo, brashi, na madirisha wazi kwa sababu harufu yake hupanda kichwani. Madoa hufifia huku unayatazama. Wiki tatu baadaye yamerudi, lakini hiyo ni kesi ya ukuta na mvua.

Kinachofanya kazi ndani ya ndoo ile ni haipoklorasi, kemikali ya klorini iliyo ndugu na ile tunayotia visimani kila inapotokea hofu ya kipindupindu. Tabia yake ni unyang'anyi: hukwapua elektroni kutoka kwa chochote inachogusa, na kilichonyang'anywa huharibika umbo na kazi. Wanakemia huuita unyang'anyi huo oksidesheni. Sisi wa pwani tunamjua zaidi ndugu yake wa polepole, kutu, anayekula mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari.

Kemikali hiyo hiyo ya ndooni hutengenezwa mwilini mwako, kwa dozi ndogo mno, ndani ya chembechembe nyeupe za damu. Na ina kazi ya kutosha. Kila upitapo chini ya mnazi ulionyeshewa, kila upukuchuapo mahindi yaliyokaa darini, unavuta vijimbegu vya kuvu puani, mamia kwa siku. Wengi wetu hatuugui. Wachache huugua vibaya sana, na tukiulizwa kwa nini, jibu letu liko tayari: kinga imeshuka.

Jibu hilo linasikika kwenye benchi la kliniki na kwenye matatu ya Likoni, na si la uongo. Tatizo lake ni kwamba halina anwani. Ni kama kusema stima imepotea bila kueleza kama tokeni zimeisha, transfoma ya mtaa imeungua, au laini kubwa ya kutoka Rabai imekatika. Giza ni lile lile, ila fundi wa kuitwa si yule yule. Katika magonjwa ya fangasi tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani apewe dawa gani, na nani aumizwe na dawa aliyopewa kwa nia njema.

Elimu ya jambo hili ilianza na kuvu, ingawa vitabu vya shule hupenda kuanza na bakteria. Mwaka 1882 Élie Metchnikoff alikuwa Messina, kisiwani Sicily, akichunguza watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao ni myangavu kama kioo. Alimdunga mmoja kwa mwiba, na kesho yake akakuta chembechembe zinazotembea zimeuzingira mwiba ule pande zote. Mwaka 1884 akatoa ushahidi mzito zaidi, safari hii kutoka kwa mdudu mdogo wa maji baridi aitwaye Daphnia. Mdudu huyu hushambuliwa na kuvu ambayo vijimbegu vyake ni vyembamba kama sindano. Akivimeza, vinatoboa utumbo na kuingia mwilini. Metchnikoff aliona kwa darubini jinsi chembechembe zilivyozikumbatia sindano hizo na kuzivunjavunja. Zikiwahi, mdudu anapona, zikizidiwa, kuvu inazaana na mdudu anakufa. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Alijua zinakula. Zinauaje, hilo lilimpita.

Fununu ya kwanza ilipatikana mwaka 1933, Baldridge na Gerard walipogundua kwamba chembechembe nyeupe zikimeza vijidudu hufyonza oksijeni kwa fujo. Ilidhaniwa zinahema, kama mtu aliyekula akashiba. Baadaye ikaonekana kwamba hata zikitiwa sianidi, sumu inayozima mitambo ya nishati ya seli, fujo ile haipungui. Kumbe oksijeni haikuwa ya kuhema. Mwaka 1973 Bernard Babior na wenzake wakaonyesha inakokwenda: inageuzwa kuwa superoksidi, oksijeni iliyobebeshwa elektroni moja ya ziada na ambayo haitulii mpaka iitue mahali.

Mpangilio wake unastahili kuelezwa taratibu. Askari wa mbele ni neutrofili. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kwa siku, na nyingi huishi kwa saa au siku chache tu. Neutrofili hutambua kuvu kwa kuipapasa ganda. Ndani ya ganda hilo kuna sukari iitwayo beta-glukani, ambayo sisi binadamu hatuna, na chembechembe zetu zina kipokezi chake, Dektini-1. Kipokezi kikishika, kuvu inamezwa na kufungiwa ndani ya kifuko. Hapo hukusanyika mtambo uitwao NADPH oksidesi. Sehemu zake hukaa mbalimbali wakati wa amani, nyingine kwenye utando na nyingine zikielea ndani ya seli, kama mtu mwenye busara asiyeweka baruti na kiberiti chumba kimoja. Zikikutana, zinachukua elektroni kutoka kwa NADPH, sarafu ya kemia ambayo seli huitengeneza kutokana na sukari, na kuzisukuma ndani ya kifuko ziikute oksijeni. Superoksidi hugeuka haidrojeni peroksidi, ile ile inayouzwa chupani ya kusafishia vidonda. Kisha kimeng'enya cha mieloperoksidesi huichanganya peroksidi na kloridi, yaani chumvi ya kawaida, na kutoa haipoklorasi. Kimeng'enya hicho ni cha kijani, na ndicho kinachoupa usaha rangi yake. Mama anayesema kidonda kimetunga usaha wa kijani anaona silaha kwa macho yake bila darubini.

Hadi hapo hadithi imenyooka, labda kupita kiasi. Ushahidi wake mkubwa ulitoka kwa watoto waliokuwa wakifa. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa uliowashika hasa wavulana: majipu yasiyokoma, tezi kuvimba, mapafu kuoza kwa kuvu. Chembechembe zao zilikuwa tele, nazo zilimeza vijidudu vizuri tu. Mwaka 1967 ikathibitika kwamba zikishameza haziwaki. Ile fujo ya oksijeni haipo. Mtambo wa NADPH oksidesi umezaliwa na kasoro. Ugonjwa huo humpata takriban mtoto mmoja kati ya 200,000, na kuvu ya Aspergillus imekuwa muuaji wake mkubwa. Kenya huzaa watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo kwa uwiano huo tungetarajia angalau watano kila mwaka. Nadhani mtoto wa namna hiyo akizaliwa Kinango au Lunga Lunga, uwezekano mkubwa ni kwamba atatibiwa kifua kikuu mpaka mwisho.

Kwa ushahidi huo ilionekana kesi imefungwa: kuvu huuawa kwa Jik ya mwilini. Halafu ikaja mieloperoksidesi kuharibu mambo. Mwaka 1969 Lehrer na Cline walieleza mgonjwa ambaye kuvu ya Candida ilikuwa imemwenea mwilini, na neutrofili zake hazikuwa na kimeng'enya hicho hata chembe. Kila mtu akaridhika. Baadaye, mashine za kuhesabu damu zilipoanza kupima kimeng'enya hicho kwa watu wa kawaida, ikagunduliwa kwamba mtu mmoja katika kila elfu mbili hadi nne hana, na karibu wote ni wazima, wanaoa na kuolewa na kuzeeka bila habari. Wanaoumwa ni wachache, mara nyingi wakiwa pia na kisukari. Kwa hiyo haipoklorasi, iliyo kali kuliko zote kwenye mnyororo ule, ndiyo ambayo mwili unaweza kuikosa ukaendelea na maisha. Superoksidi iliyo dhaifu mara nyingi zaidi ndiyo isiyokosekana. Hapo mfano wangu wa ndoo unavuja.

Mwaka 2002 kundi la Anthony Segal huko London lilikwenda mbali zaidi. Kwa maoni yao, kazi kubwa ya elektroni zile haikuwa kuchoma kuvu. Zikiingia kifukoni huvuta potasiamu nyuma yake, na chumvi hiyo huamsha vimeng'enya vinavyosaga protini, ambavyo ndivyo wauaji. Hoja ilikuwa nzuri, lakini kuna watu waliozaliwa bila vimeng'enya hivyo vya kusaga na neutrofili zao bado zinaua kiasi cha kutosha. Watafiti wa Aberdeen nao walionyesha jambo ambalo kwangu lina mantiki zaidi: peroksidi peke yake Candida inaivumilia, chumvi peke yake inaivumilia, ila zikija pamoja inakufa, kwa sababu chumvi huzima katalesi, kimeng'enya ambacho kuvu hutumia kuivunja peroksidi. Silaha mbili dhaifu zikapata nguvu ambayo jumla yake haielezi.

Tena kuna suala la ukubwa. Kijimbegu cha Aspergillus humezeka, lakini kikishaota huwa uzi mrefu mara nyingi kuliko neutrofili yenyewe. Huwezi kumeza kamba. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba neutrofili zinaweza kujipasua na kutandaza DNA yao nje, imejaa vimeng'enya vya sumu, kama mvuvi anavyotandaza jarife. Mara nyingi amri ya kujipasua inatoka kwa oksijeni ile ile. Mwaka 2017 ikaja habari nyingine: ndani ya mapafu ya panya, mtambo wa oksidesi hauvichomi vijimbegu vya Aspergillus vikawa majivu, unavisukuma vijiue, kwa kuamsha ndani yao utaratibu wa seli kujimaliza. Kuvu iliyopewa breki ya ziada dhidi ya kujiua ilistahimili na kuleta ugonjwa.

Nikizipanga habari hizi pamoja naona kwamba oksijeni hii ni sumu na ni amri kwa wakati mmoja, na kipi kinatangulia hutegemea umbo la kuvu na mahali ilipo. Anayeuliza "kemikali gani inaua fangasi?" ameuliza swali fupi mno.

Kuvu nayo haikukaa ikisubiri kipigo. Mbali na katalesi ina superoksidi dismutesi ya kuizima superoksidi, na thioredoksini ya kurudisha elektroni mahali zilipoibwa. Nyingine hujipaka melanini, rangi nyeusi inayomeza shambulio la kioksidi. Yale madoadoa ya bafuni ni meusi kwa sababu hiyo hiyo. Unaweza kujiuliza kuvu ya udongoni ilijifunzia wapi kupigana na damu ya binadamu. Jibu linalopendwa ni kwamba haikujifunza kwetu. Udongo umejaa amiba, nazo humeza vijidudu kwa namna inayofanana sana na ya chembechembe zetu. Mamilioni ya miaka ya kuponyoka amiba yalitosha kuwa mazoezi.

Sasa turudi kwenye anwani.

Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi bila dawa akipata utando mweupe mdomoni, jirani husema kinga imeshuka. Miezi michache baadaye akishikwa na kichwa kisichosikia panadol, shingo ikakaza, akafikishwa Msambweni hospitalini amepoteza fahamu, husemwa tena kinga imeshuka. Kumbe ni mikatiko miwili. Utando wa mdomoni ni Candida, na mdomo hulindwa zaidi na seli za CD4 zinazotoa ujumbe wa interlukini-17, unaoiweka ngozi laini ya kinywa katika hali ya tahadhari. Neutrofili za mtu huyo mara nyingi bado zinawaka. Homa ya uti wa mgongo ni Cryptococcus, kuvu ya kinyesi cha njiwa na miti inayooza, ambayo huingia ndani ya makrofaji, chembechembe nyeupe nyingine zinazomeza vijidudu, ikiwa imevaa koti nene la sukari na melanini ndani yake. Makrofaji hazina ukali wa kuiua mpaka ziamriwe na intaferoni-gama kutoka kwa CD4. CD4 zikiisha, mtambo upo, mafuta yapo, wa kuuwasha hayupo. Kuvu huzaana humo humo ndani ya askari, na wakati mwingine hutoka nje bila hata kumuua.

Ndiyo maana dawa yake haiwezi kutegemea kinga ya mgonjwa. Flukonazo, ambayo ndiyo rahisi kupatikana, huizuia kuvu isikue na kuuachia mwili kazi ya kuua, mwili ambao hapa umekosa amri. Amfoterisini B huua yenyewe: hunyonya mafuta ya ergosteroli kutoka kwenye utando wa kuvu, na sehemu ya kazi yake ni kuifanya kuvu iungue kwa oksidesheni ya ndani, yaani ile kazi ambayo makrofaji ingefanya. Jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazo kwa siku 14, haikuzidiwa na matibabu marefu ya sindano za kila siku, na madhara yake yalikuwa machache zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likayapendekeza matibabu hayo, na Oktoba likatoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari kwa binadamu. Cryptococcus neoformans iko kundi la juu kabisa.

Kisukari hukata waya mwingine. Sukari ikizidi kwenye damu, seli hujaribu kuigeuza kwa njia ya pembeni inayotafuna NADPH, ile ile sarafu ya kuendeshea oksidesi. Neutrofili inafika kwenye tukio mfukoni hamna kitu. Ongeza dawa za steroidi juu yake na unapata kilichoonekana India mwaka 2021: wagonjwa wa Uviko wenye kisukari, waliopewa steroidi kwa wingi, wakashikwa na kuvu nyeusi ya pua na macho, zaidi ya watu 40,000 katika miezi michache. Kisukari si ugonjwa wa mbali tena katika mji wa mahamri na chai ya sukari, na anayewashwa na fangasi zisizoisha sehemu za siri afadhali aanze na kipimo cha sukari kabla ya kununua mrija wa tatu wa krimu.

NADPH inatufikisha kwenye jambo la pwani hasa. Kimeng'enya kikuu kinachoitengeneza huitwa G6PD, na upungufu wake wa kurithi ni wa kawaida kwa watu wa pwani ya Kenya, kama ilivyo popote malaria ilipokaa karne nyingi. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2015 kwamba wasichana waliorithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Sasa, kwa hesabu ya makaratasi, mwenye upungufu wa G6PD angepaswa kuwa kama wale wavulana wa miaka ya 1950: hakuna G6PD, hakuna NADPH, hakuna moto, karibu Aspergillus. Na kweli, kuna aina adimu za upungufu mkali, kimeng'enya kikiwa chini ya asilimia 5, ambazo humletea mtu ugonjwa wa namna ile. Lakini pwani yetu imejaa watu wenye upungufu huu na hawafi kwa kuvu.

Ufumbuzi uko kwenye umri wa seli. Kimeng'enya cha aina ya Kiafrika hutoka kiwandani kikifanya kazi vizuri. Kasoro yake ni kutodumu. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120 bila uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kipya, kwa hiyo ikizeeka inabaki mikono mitupu na kupasuka ikikutana na dawa ya kioksidi. Ndiyo maana Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008. Neutrofili haifikii uzee huo. Inakufa kimeng'enya chake kikiwa bado kizima. Kasoro moja, mtu mmoja, damu moja, na bado aina moja ya chembechembe inaumia na nyingine haina habari.

Malaria nayo ina mkono wake. Ikipasua chembe nyekundu humwaga himu, kiini kinachoipa damu wekundu wake, na mwili hujihami dhidi ya sumu ya himu kwa kimeng'enya ambacho athari yake mojawapo ni kuzifanya neutrofili changa zitoke kwenye uboho zikiwa hazina makali. Hili lilionyeshwa kwa panya na kwa watoto wa Gambia, kuhusu bakteria ya Salmonella. Silidai kwa kuvu, ila linatosha kuonyesha kwamba mtambo unaweza kupunguzwa moto na mwili wenyewe, kwa makusudi, ili usiungue.

Kisha kuna wale ambao kinga yao haijashuka popote. Aliyepona kifua kikuu anaweza kubaki na pango kwenye pafu, na Aspergillus ikaota humo kama uyoga ndani ya gogo. Neutrofili ziko tele na zinawaka, ila pango halina mishipa ya kuzipitisha. Mgonjwa anakohoa damu, anaambiwa TB imerudi, anaanzishwa vidonge upya. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, ulikuta ugonjwa huo kwa karibu robo ya waliopona TB wakiwa na mapango, na kwa wachache sana wasio nayo. Candida auris nayo ina hila ya namna yake. Ilielezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kati ya mwaka 2010 na 2016 ndiyo iliyosababisha asilimia 38 ya maambukizi ya Candida kwenye damu ya wagonjwa 201, ikiipita hata Candida albicans. Maabara zimeonyesha kwamba neutrofili ya binadamu ikiwekwa karibu nayo huipita kama haikuiona, kwa sababu ganda lake la nje limefunika zile sukari zinazopapaswa. Silaha imejaa, adui hana uso.

Nimeliacha jicho mwisho kwa sababu ndilo la kwetu zaidi. Kwale ni nchi ya minazi. Mahoteli ya Diani yameezekwa makuti, na nyuma ya kila paa kuna wanawake walioketi chini wakishona makuti ya viungo siku nzima, nyuso karibu na majani. Kuna wanaofua nazi, makumbi yakiruka kutoka kwenye kifuo. Kuna mavuno ya mahindi, ambapo jani lina makali kama wembe. Jicho likiparuzwa, jani huacha zaidi ya mkwaruzo; huacha vijimbegu vya Fusarium au Aspergillus kwenye konea, ule utando mwangavu wa mbele ambao hauna mshipa wa damu hata mmoja, maana ungekuwa nao tusingeona vizuri.

Siku mbili tatu si kitu. Baada ya wiki jicho limekuwa jekundu, linatoa machozi, halitaki mwanga, na doa la kijivu limejitokeza. Wekundu ule na doa lile ni neutrofili zikimiminika kutoka ukingoni mwa jicho. Mwaka 2012 kundi la watafiti lilieleza kwamba wagonjwa wa Kusini mwa India wenye vidonda vya namna hii walikuwa na konea zilizojaa neutrofili kuliko seli nyingine yoyote, na kwa panya wasio na NADPH oksidesi nyuzi za kuvu zilikua bila kizuizi. Panya wasio na mieloperoksidesi walijikinga vizuri kama wenzao. Upande wa kuvu, iliyokosa katalesi haikuathirika, ila iliyokosa superoksidi dismutesi ilishindwa. Kwa mara nyingine superoksidi ndiyo iliyokuwa na uzito. Watafiti hao waliizima thioredoksini ya kuvu kwa kemikali, na ukuaji wake ukapungua. Yaani badala ya kuongeza moto wa neutrofili, walimvua adui koti la kuzuia moto.

Moto huo una gharama. Vimeng'enya na kemikali za neutrofili huyeyusha konea yenyewe pamoja na kuvu, na kovu linalobaki ndilo wazee huita chamba cha jicho. Kwa hiyo daktari yuko njia panda: akiuacha moto, jicho linaweza kutoboka, akiuzima mapema, kuvu inatamalaki. Mgonjwa mara nyingi hayuko njia panda yoyote. Amekwenda duka la dawa akaomba matone ya jicho jekundu, akapewa chupa yenye antibiotiki na steroidi. Steroidi inawazuia askari wasije. Kwa siku mbili wekundu unapungua na maumivu yanatulia, na jirani naye anaazimwa chupa. "Mama, hiyo dawa imekusaidia?" "Imenisaidia sana, mwanangu, jicho limekuwa jeupe." Ndani ya jicho hilo jeupe nyuzi zinashuka chini bila wa kuzizuia. Hapa kinga haikushuka. Imeshushwa, kwa pesa, katika jicho moja, huku mwili mwingine wote ukiwa mzima.

Utafiti uliofanyika Mbarara, Uganda, kuanzia mwaka 2016 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vidonda vya konea vilivyochunguzwa vilitokana na kuvu, na wagonjwa wengi walifika wamechelewa, wakiwa wameshatumia dawa za kienyeji. Kipimo chenyewe hakihitaji makuu: daktari anakwangua kidonda kidogo, anaweka kwenye kioo, anadondoshea potasiamu haidroksidi, anatazama kwa darubini. Nyuzi zikionekana, hakuna ubishi tena, na steroidi inawekwa kando. Kwale ina Kwale Eye Centre, kitu ambacho kaunti nyingi za Kenya hazina cha kulinganisha nacho, kwa hiyo umbali kati ya jani la muhindi na darubini ni mfupi kuliko mahali pengi.

Dawa inayopendekezwa zaidi kwa kuvu ya nyuzi jichoni ni matone ya natamisini. Hushika ergosteroli na kuizuia kuvu isikue, na kuziachia neutrofili zimalizie. Ilipatikana miaka ya 1950 kwenye udongo wa Natal, Afrika Kusini, kutoka kwa bakteria aliyepewa jina la jimbo hilo, na mwaka 2017 iliingizwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Viwanda vya jibini huitumia kuzuia ukungu. Katika Afrika Mashariki ni rahisi kuila kwenye jibini kuliko kuikuta kwenye rafu ya duka la dawa, ambapo matone ya steroidi hayakosekani.